Kioo Kilichotazama Dari

Mara ya kwanza Vestine alipoambiwa asimame, alikanyaga mafuta.

Mtahini alikuwa amemweleza mapema, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya chooni. Mahali fulani huko mbele nitasema neno moja, mama. Stop. Ukilisikia, funga breki kwa nguvu, kana kwamba mtoto amekurupuka barabarani. Vestine akaitikia kwa kichwa. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini neno hilo limeandikwa kwenye kibao chekundu katika kila pembe ya Johannesburg. Hata kuku angelijua. Kisha mtahini akalisema, kwa sauti kali, na mguu wa kulia wa Vestine ukashuka kwenye mafuta mpaka ukagota. Bakkie, ndivyo pikapu inavyoitwa hapa, ikaruka kama iliyochomwa sindano. Mtahini akashika dashibodi kwa mikono miwili. Miwani yake ya jua ikamwangukia mapajani. Walipita mtaa mzima wa nyumba za matofali kabla Vestine hajasikia kwamba mtu aliye kando yake anapiga kelele.

"Alikutukana?" Mama Jeanne aliuliza mchana huo.

"Aliniuliza nani ananifukuza."

Wanawake waliokuwa kwenye cherehani wakacheka mpaka wakaachia pedali. Duka la Mama Jeanne lilikuwa Rosettenville, chumba kirefu nyuma ya Mreno mmoja auzaye samaki, na humo zilishonwa sare za shule na majoho ya kwaya. Vestine alikuwa mpiga pasi. Mvuke na vumbi la vitambaa vilikuwa vimemwingia kifuani, na muuguzi wa kliniki alikuwa amemwambia bila kuzungukazunguka: toka kwenye chumba hicho kabla kifua hakijakutoa chenyewe. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja tu. Octave, dereva wa duka, alikuwa anahamia Cape Town mwezi wa nane ukiisha, na Mama Jeanne alikuwa ametangaza mbele ya wote kwamba usukani utakwenda kwa Vestine, akiwa na leseni ya hapa. Asipokuwa nayo utakwenda kwa mwingine, naye atabaki na pasi yake.

"Weye Vestine," Mama Jeanne alisema, akijifuta machozi ya kicheko kwa pindo la kitenge, "mtu anakuambia simama, weye unaongeza mwendo! Ulitaka kumteka?"

"Muache, Mama," Octave akadakia kutoka mlangoni, mkono wake umejaa hanga za nguo. "Hapa wana masharti kama ya harusi. Kwetu Uvira sharti ni moja: endesha kulia, isipokuwa kuna shimo. Na shimo liko kulia."

"Mi permis yangu, leseni ya kwetu, nilipewa na shemeji, kule Lubumbashi. Aliniuliza swali moja tu: tuandike jina lipi? Gari lenyewe sikuwa nimeligusa," Mama Jeanne akasema.

"Na hadi leo hujaligusa."

"Ndiyo sababu ningali hai, mwana."

Vestine alicheka nao kwa mdomo. Permis yake haikuwa ya shemeji. Alijifunza Bujumbura, akiwa msichana, kwenye gari lenye usukani kushoto, na afisa wa polisi alimpandisha mlima wa Kiriri, akamgeuza juu kabisa, akamteremsha, akasema, "Huyu anaendesha kuliko kaka zake." Kwa karatasi hiyo ya rangi ya waridi aliendesha pikapu ya zahanati ya masista kwa miaka, milima kwa mabonde. Lakini alipoifikisha kwenye dirisha la ofisi ya hapa, waliigeuza nyuma na mbele, wakamwambia wanataka uthibitisho kutoka serikali iliyoitoa. Mkimbizi hawezi kubisha hodi kwenye ubalozi wa nchi aliyoikimbia na kuomba uthibitisho. Akibisha, kesho ataulizwa: kumbe mnaelewana, ulikimbia nini? Basi akaanza upya, kana kwamba hajawahi kushika usukani. Alikaa kwenye chumba cha maswali pamoja na watoto wa miaka kumi na saba waliokuwa wanatafuna chingamu, akafaulu, akapewa leseni ya mwanafunzi na herufi L nyekundu ya kubandika kwenye kioo cha nyuma. Leseni hiyo nayo ina uhai wake. Ilikuwa inakufa mwezi uleule wa nane, mwaka huo wa 2012, na ikifa unarudi kwenye chingamu.

Sharti lililobaki ndilo lililowachekesha watu wa kanisani kuliko yote. Mwanafunzi haendeshi peke yake hapa. Sharti kando yake aketi mtu mwenye leseni kamili. Na mwenye leseni kamili katika ukoo mzima alikuwa Inès, binti wa kaka yake Melchior, msichana aliyefika Johannesburg mgongoni mwa mama yake na sasa alifanya kazi kwenye duka la simu. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada sheria ilimfanya mtoto kuwa mkubwa wa shangazi yake.

"Tantine," Inès alisema Jumapili iliyofuata, walipokuwa wameegesha kando ya njia Kensington, "hebu nieleze. Kwenye kioo hicho unaona nini?"

Kioo cha katikati kilikuwa kimegeuzwa juu. Vestine alikigeuza kila alipoingia, bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni.

"Dari."

"Na nyuma?"

"Huko nyuma sina kazi nako."

"Eish, Tantine. Hapa wanahesabu shingo. Kila baada ya muda mfupi kioo, kioo. Kabla hujaondoka, bega la kulia, bega la kushoto, nyuma yote. Usipogeuka wanaandika. Unaweza kuendesha kama malaika, wakakuangusha kwa shingo tu."

"Barabara iko mbele."

"Kwa Warundi. Hapa iko pande zote."

Inès akanyoosha mkono, akakishusha kioo, akakipangusa kwa kiwiko. Vestine akawasha gari. Alitazama mbele kwa muda wote alioweza, kisha, kwa kuwa mtoto alikuwa anamkodolea macho, akainua macho kwenye kioo.

Aliona barabara, kuta, nyaya za umeme juu ya kuta. Na mbali sana, katikati ya lami, mtu anakimbia.

Hakushtuka. Johannesburg kuna watu wanaokimbia bila kufukuzwa, kwa afya, wakiwa na nyaya masikioni. Akakata kona, akashuka mtaa mwingine, akatazama tena. Mtu yuleyule, umbali uleule. Shati jeupe la mikono mirefu. Akakata kona ya pili, na ya tatu, akiongeza mwendo kidogo. Yule mtu alizizunguka kona zote bila kuchelewa. Hatua zake hazikuwa sawa. Mguu mmoja uling'aa kwa kiatu na mwingine haukung'aa.

"Inès. Tazama nyuma. Kuna mtu?"

Inès akageuza shingo yote, vizuri, kama kitabu kinavyotaka. "Hakuna. Mapipa ya taka tu."

Vestine akanyoosha mkono, akakirudisha kioo kwenye dari.

Mtihani wa pili aliuendea hivyo. Inès alikuwa amemfundisha kusimama: wiki nzima alimpigia kelele ya "Stop!" jikoni, ngazini, kwenye foleni ya duka, mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna ugomvi. Kwa hiyo mtahini, safari hii dada kijana mwenye rasta zilizofungwa juu, aliposema neno lake, mguu ulitii, na bakkie ikasimama. Ila baada ya kusimama unatakiwa utazame pande zote ndipo uondoke. Vestine aliondoka kama risasi. Hakugusa kioo, hakugeuza bega. Waliporudi yadi, dada yule alimhurumia.

"Mama, mikono yako ni mizuri. Lakini unaendesha kama mtu aliye ndani ya bomba."

Njiani kurudi nyumbani Inès ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Walifika kwenye taa za barabarani, robot, kama wanavyoziita hapa. Taa ilikuwa nyekundu.

"Tantine, imebaki nafasi moja. Moja. Wewe nyumbani unakohoa mpaka Baba anaamka. Kwa nini hutaki kugeuka? Ni shingo? Twende kwa daktari."

"Si shingo."

"Ni nini basi?"

Taa ikawa ya kijani. Inès hakuondoka. Gari la nyuma likapiga honi, akalipungia mkono lipite.

Basi Vestine akamwambia. Alisema akitazama mbele, kwenye robot.

Enzi za vita, kwenye barabara ya kutoka milimani kushuka Bujumbura, hakuna aliyekwenda peke yake. Magari yalijipanga asubuhi kizuizini, yakaondoka kwa msafara na askari mbele. Kabla ya kuondoka, askari mmoja alipita dirisha kwa dirisha akisema amri ileile. Ukisikia mlio wa risasi, kanyaga mafuta. Usisimame. Usitazame nyuma. Anayeanguka ameanguka. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya barabara, na aliyeivunja aliwaua walio nyuma yake, kwa sababu njia ni nyembamba na gari moja likisimama msafara wote unakuwa shabaha. Madereva wote walivigeuza vioo kwenye dari kabla ya kuwasha. Kioo kinashawishi. Walivigeuza kama mwenye njaa anavyofunga mlango ili asione sufuria.

"Mume wangu alikuwa nyuma," alisema. "Gaston. Ndani tulimpa nafasi mama aliyekuwa ametoka kujifungua. Yeye akakaa juu ya magunia ya unga, na shati lake jeupe, nililipiga pasi mwenyewe."

Inès akazima gari.

"Kwenye kona mlio ukaanza. Nikakanyaga. Nikasikia kiganja kinapiga paa la gari juu ya kichwa changu, na sauti, hagarara, hagarara. Simama. Na kando ya barabara wenye bunduki nao walikuwa wanapiga kelele ileile, hagarara. Mimi ni mke wake, Inès. Kila usiku nililala kando ya sauti ile. Na sikujua ni ya nani. Au nilijua. Sijui. Nikakanyaga."

"Ulifanya walivyokwambia."

"Nilifika mjini. Magunia yanamwaga unga, na juu yake hakuna mtu. Kesho yake tulirudi na askari. Tulikuta kiatu."

"Kimoja?"

"Kimoja."

Inès akawasha gari tena, akaendesha mpaka nyumbani. Jumapili iliyofuata alikuja asubuhi kabla ya ibada, akaketi upande wa kushoto, akafunga mkanda, akakishusha kioo yeye mwenyewe.

"Leo tunatazama," alisema. "Wote wawili."

Ilikuwa siku ya upepo, ule upepo wa mwezi wa nane unaobeba vumbi la manjano kutoka kwenye vifusi vya migodi ya zamani. Waliendesha Kensington, juu na chini. Vestine alitazama kioo kila alipotakiwa, na kila alipotazama alikuwapo. Shati jeupe. Kiatu kimoja. Ila umbali ulikuwa umebadilika. Wiki zile Vestine alizokuwa anatazama dari, yule mtu hakuwa amekaa akimsubiri. Sasa aliweza kuona kifua chake kinavyopanda.

Inès hakuona mtu. Alichokiona aliwasimulia wenzake wa dukani baadaye, nao hawakukipenda. Mbwa wa Kensington wana kazi moja: gari likipita wanabweka nyuma ya geti, likishapita wananyamaza. Asubuhi ile walibweka, wakanyamaza, kisha, bakkie ikiwa tayari imefika mwisho wa mtaa, wakabweka tena wote, kuanzia geti la kwanza, mmoja baada ya mwingine, kama kuna mtu anapita. Na kwenye robot ya barabara kubwa muuza miwani aliyekuwa nyuma ya gari lao aliinua ubao wake wa bidhaa juu, akasogea kando kidogo, akasema "Sori, baba," akausogeza ubao chini tena. Hapakuwa na mtu aliyempisha.

"Tantine," Inès alisema, na mikono yake ilikuwa magotini imefumbatana. "Ukitaka tuache, tuache. Mwambie Mama Jeanne akutafutie kazi ya vifungo."

"Vifungo viko kwenye chumba kilekile."

"Basi upande wa kanisa. Mchungaji akuombee."

"Ameshaniombea. Aliniombea nisahau." Vestine akaweka gia. Akatazama kioo cha katikati, cha kulia, cha kushoto, akageuza bega la kulia, akageuza la kushoto, taratibu, macho yamefunguka. Kisha akaondoka kwa ulaini kiasi kwamba Inès hakujua lini magurudumu yameanza kuzunguka. "Sheria yao ya hapa ni ngumu," alisema. "Inataka ujue uliyemwacha."

Asubuhi ya mtihani wa tatu Octave alileta bakkie imeoshwa. Alikuwa ameshafungasha, godoro lake lilikuwa limekunjwa limefungwa kamba kwenye kona ya duka. Mama Jeanne alimpa Vestine maandazi mawili ndani ya kitambaa na kusema, "Ukirudi bila kitu leo, ma chérie, mi sitakuwa na neno tena. Nguo za shule lazima zifike." Hakusema kwa ubaya. Nguo za shule lazima zifike.

Mtahini alikuwa mzee mwembamba, mwenye sweta la kufumwa na sauti ya chini ya mtu aliyekwisha choka kutisha watu. Yadi ilikwenda vizuri. Aliegesha katikati ya nguzo bila kugusa hata moja. Kwenye mlima mdogo wa zege, ambapo gari likirudi nyuma hata kidogo umeanguka papo hapo, alitazama kioo na kumwona Gaston chini ya mteremko, ameinama kama anayevuta pumzi, karibu na bampa. Vestine akapandisha klachi mpaka gari likatetemeka, akaachia breki ya mkono. Halikurudi nyuma hata upana wa kidole. Asingeweza kulirudisha.

Wakatoka barabarani. Mzee alimwelekeza kwa maneno machache: kulia, kushoto, moja kwa moja. Akamweleza habari ya neno lile. Vestine alisema amesikia. Mtaa ulikuwa mtupu, mpana, unaopanda polepole, na mwisho wake kulikuwa na robot, na baada ya robot barabara iliendelea kupanda kuelekea kwenye uti wa kilima chenye mawe.

"Stop," mzee alisema.

Akasimama. Breki zililia, mikanda ikawabana vifua, vumbi likawapita kwa mbele. Kisha kimya, injini tu.

"Vizuri. Ikiwa ni salama, endelea."

Vestine akatazama kioo cha katikati.

Alikuwa anakuja. Hakukuwa tena na umbali wa kumficha. Akatazama kioo cha kushoto, akatazama cha kulia, akageuza bega. Kwa mara ya kwanza alisikia miguu: mmoja unapiga lami kwa soli, mwingine kwa nyama. Kohozi likampanda kifuani, akalimeza.

"Unaweza kwenda, mama."

"Bado."

"Unasubiri nini?"

"Kuna mtu."

Mzee akageuka kwenye kiti chake. Akatazama nyuma kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa vioo na kwa macho. Hakucheka. "Mimi sioni mtu."

"Anakuja. Akishapita nitakwenda."

Kalamu ya mzee ikashuka kwenye karatasi, ikaandika kitu kifupi. Vestine aliisikia. Alijua kila akingoja alama zinaondoka. Aliuweka mguu kwenye breki, akauacha hapo. Alikuwa ameyapanga maneno ya kusema, kwa miaka. Nilisikia sauti kutoka pande mbili. Niliambiwa. Kulikuwa na mtoto mchanga ndani. Alishusha kioo cha dirisha la mlangoni mpaka chini, upepo ukaingia na vumbi lake.

Gaston akajaza kioo. Akatoka kwenye kioo. Akapita upande wa kulia, upande wa dirisha lake, karibu kiasi kwamba angeweza kumshika mkono wa shati. Mkunjo wa pasi ulikuwa bado umesimama begani. Hakuwa amezeeka hata siku moja. Mtu angewaona asubuhi ile angesema mama na mwanawe.

"Gaston," alisema.

Hakugeuka. Macho yake yalikuwa mbele, makubwa, makavu, midomo imebana. Vestine aliyajua macho yale. Ndiyo aliyokuwa nayo yeye kwenye kona ile. Hakuwa anamfukuza, wala hakuwa anakuja kwake. Alikuwa anakimbia kilichokuwa nyuma yao wote wawili, kama walivyoamriwa asubuhi ile kizuizini wakiwa wameketi kwenye gari moja: usisimame, usitazame nyuma. Aliipita bakkie kama mtu anavyopita mti, akapanda mtaa, akavuka robot katikati, akaendelea kupanda.

Miaka yote ile alikuwa amejiandaa kwa uso wenye lawama. Hakuwa amejiandaa kwa mgongo.

"Mama," mzee alisema polepole, "tuendelee. Kwenye robot, kata kushoto."

Vestine akatazama pande zote. Nyuma palikuwa patupu. Akaondoka.

Robot ilikuwa ya kijani. Mbele yake shati jeupe lilikuwa linapanda kilima, bado kubwa, bado karibu. Gari lingemfikia kabla hajamaliza nyumba tatu. Moja kwa moja. Ingetosha kutokusikia neno la mzee. Angesimama kando yake, angefungua mlango, angemwambia panda, panda mbele safari hii. Na mzee angeandika, na herufi L ingebaki kwenye kioo mpaka siku ya leseni kufa, na Octave angempa mtu mwingine funguo, na yeye angerudi kwenye mvuke. Akapunguza mwendo. Gia ya pili. Mkono wake ulikuwa kwenye kijiti cha indiketa na haukukisukuma, na robot ikakaribia, na mzee akasema tena, hakuongeza sauti, "Kushoto, mama."

Kama Gaston angegeuka. Kama angegeuza shingo mara moja tu.

Shati lilipanda.

Akasukuma kijiti. Indiketa ikaanza kulia, tik, tik, tik. Kioo. Bega la kushoto. Akakata kona, na alipokuwa anakata, akageuza kichwa upande wa kulia, upande ambao hakuna kitabu kinachomtaka mtu ageukie akiwa ameshaingia kona, akamtazama. Alimtazama akipungua. Alimtazama mpaka ukuta wa nyumba ya kona ulipomkata.

Mzee aliona. Kalamu yake haikuandika.

Yadini, Vestine alipokwisha kuegesha na kuvuta breki ya mkono, mzee alijumlisha bila haraka, akavua miwani yake ya kusomea. "Pale uliposubiri umepoteza alama," alisema. "Si zote. Kitabu kinasema usiondoke mpaka uone ni salama. Mwenye kuona ni dereva." Akafungua mlango, akatoa mguu mmoja nje, akasita. "Amekwenda?"

"Amekwenda."

"Basi. Umepita, mama."

Inès alipiga vigelegele mbele ya ofisi mpaka mlinzi akaja. Akabandua herufi L kwa kucha, akaikunja, akafungua mlango wa kushoto ili apande.

"Hapana," Vestine alisema. "Leo sheria hainitaki niwe na mtu."

"Tantine, naenda huko huko!"

"Panda teksi, mwanangu. Nitakuja."

Akaondoka peke yake, foleni ya makaratasi ikiwa imekula mchana wote. Ili kufika Rosettenville ilimbidi apite katikati ya jiji, na alifika huko saa ambayo maofisi yanatoka, kwenye mitaa ya maduka ya jumla karibu na kituo cha teksi. Watu walikuwa wanakimbia. Hapo watu hukimbia kila jioni, wakiwahi teksi ya mwisho yenye nafasi, walinzi, wahudumu, makarani, mikoba imekumbatiwa, wanavuka popote, mbele ya magari, bila kutazama. Wengi walikuwa na mashati meupe.

Vestine akapunguza mwendo. Alimsubiri wa kwanza apite, akamtazama uso. Akamsubiri wa pili. Nyuma yake honi zikaanza, moja, kisha nyingi, na dereva wa teksi akatoa kiwiliwili chote dirishani akapiga kelele, "Hamba, gogo! Nenda, bibi! Leseni umeipata leo?"

"Ndiyo," Vestine alisema, ingawa hakuna aliyemsikia, na akamsubiri mwingine.